Kazi ya kwanza baada ya chuo: mkataba, mshahara na ile nusu ya kazi ambayo bosi hakuisema

Wadogo zetu mnaoingia ofisini mwaka huu, kinachowaangusha wengi miezi ya mwanzo si uvivu wala ukosefu wa akili. Chuoni kazi ilikuja imekamilika: swali limeandikwa, alama zimewekwa pembeni, tarehe ya kukusanya imebandikwa ubaoni. Ofisini kazi inakuja nusu. Bosi anapita mezani kwako simu ikiwa sikioni, anasema "hebu niandalie ile ya mauzo," huyo ameshaingia kwenye lifti. Nusu iliyobaki unaitafuta mwenyewe. Asiyejua kuitafuta anakesha siku tatu akitengeneza kitu kizuri ambacho hakuna aliyekiomba, halafu anaumia moyoni kwa nini hakushukuriwa.

Hapo ndipo tutakapokaa zaidi. Ila tuanze na karatasi na pesa, maana mtu mwenye wasiwasi wa nauli ya kesho hafikiri sawasawa leo. Sheria na tarakimu zilizomo humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi ya jamii.

Kabla hujasaini

Barua ya ofa ikifika, uliza kwanza: huu mshahara ni ghafi, yaani kabla ya makato, au ni wa mkononi? Waajiri wengi hutaja ghafi, na kijana aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hushtuka kweli akiiona slipu ya kwanza. Tufanye hesabu yenyewe.

Mshahara wa msingi ni 900,000, posho hakuna. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 kutoka kwako, yaani 90,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 zake. Kodi ya mshahara, hiyo PAYE, haikatwi kwenye 900,000. Inakatwa kwenye kinachobaki baada ya NSSF, yaani 810,000. Kwa viwango vya TRA vinavyotumika tangu Julai 2021, 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi hapo ni asilimia 30. Kwa hiyo kodi yako ni 20,000, jumlisha 48,000, jumlisha 12,500: jumla 80,500. Kisha Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Kinachoingia benki ni 594,500.

Rudia hesabu hiyo kwa tarakimu zako kabla hujasema ndiyo, kabla hujaahidi nyumbani kitu, kabla hujapanga chumba. Inasaidia pia baadaye. Ukiahidiwa nyongeza ya 100,000 juu ya hiyo 900,000, mkononi utaiona kama 52,500. Mtu akikuita kampuni nyingine kwa nyongeza ya namna hiyo, na ofisi yenyewe iko umbali wa daladala mbili zaidi, ujue unachohamia.

Soma aina ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua aina tatu: usio na kikomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Wa muda maalumu wa mwaka mmoja unakwisha siku ya mwisho iliyoandikwa, hata kama wote wanakupenda. Si mkataba mbaya, ila utaanza kuuliza habari za kuongezewa miezi mitatu kabla, na utauliza kwa maandishi. Angalia pia saa za kazi: kisheria saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu, ingawa wenye vyeo vya usimamizi hawamo kwenye kanuni hiyo. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yaani Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani. Ukizitoa wikiendi unabaki na siku 20 za kazi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, kwa hiyo harusi ya dada iliyopangwa mwezi wako wa pili iseme mapema, kabla ya kuanza.

Karatasi za kubeba siku ya kwanza: namba ya NIDA, TIN, namba ya NSSF kama ulishawahi kusajiliwa, akaunti ya benki iliyo kwa majina yaleyale ya kwenye vyeti, nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo nne, na taarifa ya deni lako kutoka Bodi ya Mikopo. Majina yakitofautiana, mathalani cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na NIDA ina matatu, shughulikia hati ya kiapo sasa. Jina lisilolingana ndilo sababu ya kawaida kabisa ya mshahara wa kwanza kukwama.

Wiki sita bila mshahara

Kampuni nyingi hufunga orodha ya mishahara katikati ya mwezi, kati ya tarehe 15 na 20. Ukianza tarehe 22, siku zako za mwezi huo zitalipwa pamoja na mwezi unaofuata. Unaweza kukaa wiki tano hadi sita ukienda kazini bila senti kuingia. Waulize watu wa HR, yaani rasilimali watu, siku ya kwanza: orodha inafungwa lini? Hilo si swali la aibu.

Tuseme nauli yako ya kwenda na kurudi ni 2,400 na chakula cha mchana kwa mama lishe ni 4,000. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 140,800, karibu robo ya ile 594,500 tuliyoipata juu. Ndiyo maana tunasisitiza usihame nyumbani mwezi wa kwanza. Chumba cha 120,000 ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja, ni 840,000 kabla hujanunua godoro. Kaa kwa mjomba, kaa kwa dada, changia umeme na sabuni, mpaka barua ya kuthibitishwa kazini iko mkononi.

Na kuna mambo mawili yatakayokufuata mara tu ukipata kitambulisho cha kazi. La kwanza ni michango: harusi, send-off, kitchen party, msiba, mzazi wa mwenzako amelazwa. Changia, kwa sababu ofisi ni watu, na siku ya msiba wako utawaona. Ila jiwekee kiasi kwa mwezi, tuseme 30,000, na kikiisha sema wazi "mwezi huu nimeshafika mwisho, naomba nije kusaidia kazi." Kuosha vyombo msibani kunakumbukwa kuliko noti ya elfu kumi. La pili ni maofisa mikopo wa benki wanaopita maofisini na fomu, wakikuonyesha kwamba mshahara wako unaweza kubeba milioni kadhaa. Mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio, kabla ya kuthibitishwa kazini, asichukue mkopo wa mshahara. Ukiachishwa mwezi wa tano, deni halikuachii.

Kazi inayokuja nusu

Sasa turudi kwa bosi aliyeingia kwenye lifti. "Hebu niandalie ile ya mauzo." Hiyo sentensi ina matundu kadhaa, na kazi yako ni kuyaziba kabla hujafungua kompyuta.

Ni ya nani? Ikiwa ni ya wakurugenzi wa bodi, wanataka ukurasa mmoja, grafu mbili na maelezo ya kwa nini mwezi fulani ulishuka. Ikiwa ni ya mtu wa ghala, anataka orodha ndefu ya bidhaa moja moja. Ukimpelekea mmoja ya mwenzake, zote mbili ni takataka hata kama namba ni sahihi.

Inaanzia wapi na kuishia wapi? "Robo mwaka" si kitu kimoja. Kampuni nyingi binafsi huhesabu mwaka Januari hadi Desemba. Serikali na mashirika yake huhesabu Julai hadi Juni. Mteja wako akiwa wizara, robo yake ya kwanza ni robo yako ya tatu.

Namba zinatoka wapi? Hapa ndipo wengi huumia. Karibu kila kampuni ina namba mbili za mauzo. Timu ya mauzo inahesabu mteja akikubali. Wahasibu wanahesabu ankara ikitoka. Timu ya mauzo mara nyingi inaandika bei ikiwa na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani; wahasibu wanaitoa. Kwa VAT ya asilimia 18, mauzo ya milioni 118 kwenye faili moja ni milioni 100 kwenye faili jingine, na hakuna aliyekosea. Anayekosea ni anayechanganya mafaili hayo mawili kwenye jedwali moja.

Lini hasa? "Ijumaa" haitoshi. Kama kikao ni Ijumaa saa 4 asubuhi, bosi anahitaji kuisoma Alhamisi jioni, kwa hiyo kazi ni ya Alhamisi saa 9 alasiri.

Na lile swali ambalo peke yake linaokoa siku mbili: "Naweza kuiona ya robo iliyopita?" Ya zamani inakuonyesha urefu, mpangilio, rangi, hata maneno ambayo mkubwa amezoea kuyasoma. Vijana wengi hawaulizi kwa kudhani wataonekana wameshindwa kubuni. Hakuna aliyekuomba ubuni.

Ukishapata majibu, hata kama ni ya mdomo, andika ujumbe mfupi:

"Habari za asubuhi, bosi. Nathibitisha kazi tuliyoongea: ripoti ya mauzo Aprili hadi Juni kwa ajili ya kikao cha menejimenti Ijumaa saa 4. Nitatumia namba za uhasibu, bila VAT, kwa mpangilio wa robo iliyopita. Rasimu nitakuletea Jumatano mchana, kamili Alhamisi saa 9. Nikiwa nimeelewa tofauti popote, naomba unisahihishe."

Ujumbe huo unamfanya bosi afikiri, pengine kwa mara ya kwanza, anataka nini. Mara nyingi atajibu "aa, hapana, weka na ya mwaka jana tulinganishe." Ungelijua hilo Alhamisi jioni, ungelala ofisini.

Rasimu ya Jumatano ipeleke ikiwa mbichi. Vichwa vya habari vipo, jedwali moja limejaa, mengine yana nafasi tupu. Unaona aibu kupeleka kitu ambacho hakijaiva, tunaelewa, maana chuoni kilichopelekwa ndicho kilichosahihishwa. Ofisini rasimu ni njia ya kuuliza swali. Ukisubiri hadi kazi ikamilike ndipo uionyeshe, kila marekebisho ni kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa rangi.

Ukiona hutamaliza, sema siku unayoiona dalili, si dakika tano kabla ya saa. Useme na njia: "Uhasibu hawajafunga Juni. Naweza kukupa Aprili na Mei kamili kesho, Juni ikiwa makadirio, au yote kamili Jumatatu. Ipi ikufae?" Bosi aliyepewa chaguo Jumatano hakasiriki. Aliyegundua Ijumaa asubuhi anakumbuka mpaka siku ya tathmini.

Wakubwa wawili wakikupa kazi mbili za siku moja, usichague mwenyewe nani mkubwa zaidi. Waandikie wote katika ujumbe mmoja, taja kazi zote mbili na saa zinazohitajika, uombe wakuambie ipi itangulie. Na jambo la lugha: maongezi yatakuwa Kiswahili, lakini ripoti, baruapepe na muhtasari ofisi nyingi zinataka kwa Kiingereza. Kikao kikimalizika, yaandike maamuzi kwa lugha ya ripoti palepale, ungali na watu wa kuwauliza neno. Ukiacha hadi jioni, "tutaliangalia" la mkurugenzi unaweza kuliandika kama amekubali, kumbe amekataa kwa heshima.

Namba zisizojumlika

Kwa kazi za mezani, jina lako linajengwa au kubomolewa kwenye Excel. Kosa la kila siku ni namba zilizoingia kama maandishi, hasa ukinakili kutoka PDF au kwenye mfumo wa kampuni. Kwa macho ni namba. Fomula ya kujumlisha inaziruka, jumla inatoka pungufu, na hakuna onyo kubwa. Dalili yake ni ndogo: namba ya kweli hukaa upande wa kulia wa kisanduku, iliyo maandishi hukaa kushoto. Kabla ya kutuma chochote, chukua jumla ya chini, uilinganishe na jumla ya chanzo kwa macho yako. Tazama vipimo: jedwali moja likiwa kwa elfu na jingine kwa milioni, bodi nzima itapotoshwa. Tazama tarehe: kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 03/07 kama Machi 7, wewe ukimaanisha Julai 3.

Faili lipe jina lenye tarehe ikianzia na mwaka, kama 2025-07-03_mauzo_robo2, ili yajipange yenyewe. Chanzo cha kila namba kiandike kwenye karatasi ya mwisho ya faili. Miezi mitatu baadaye mtu atauliza "hii 41 ilitoka wapi?" na aliye na jibu kwa dakika moja ndiye atakayepewa kazi kubwa inayofuata.

Masurufu

Hili linawagharimu vijana pesa halisi. Ukitumwa Dodoma au Mwanza kikazi unapewa masurufu, yaani pesa ya kutumia safarini, na ukirudi unatakiwa kuyarejesha, yaani kuonyesha kwa risiti ulivyoyatumia, kwa kawaida ndani ya siku chache zilizoandikwa kwenye kanuni za fedha za kampuni. Soma kanuni hizo kabla ya safari. Risiti ya hoteli na ya mafuta iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye jina la kampuni na TIN yake, kwa hiyo TIN ya kampuni ihifadhi kwenye simu. Karatasi ya EFD inafifia kwa jua na joto la mkoba. Ipige picha siku hiyohiyo. Kwa bodaboda na wapagazi wasio na risiti, uliza kama kuna fomu ya malipo ya kusainiwa, uibebe. Usiporejesha, kiasi kitakatwa kwenye mshahara, na mhasibu hatakuwa amekuonea. Pesa ya masurufu isikae kwenye akaunti moja na pesa yako ya kula. Wengi hawakuiba, waliazima kidogo wakidhani mshahara utawahi.

Watu

Ofisi za Dar zina mchanganyiko: kijana wa miaka 30 ni meneja, dereva ni mzee wa miaka 57. Meneja anaweza kutaka umwite kwa jina la kwanza. Mzee dereva mpe shikamoo yake kila asubuhi, na mlinzi, na mama anayefanya usafi. Ni adabu tuliyolelewa nayo, na cheo cha ofisini hakiifuti. Vilevile hao ndio wanaojua bosi ametoka saa ngapi, lifti ipi mbovu, na faili la mwaka juzi liko kabati gani.

Tafuta mtu mmoja aliyekutangulia miaka miwili au mitatu. Usimwendee mkurugenzi, alishasahau mambo unayoyauliza. Mwombe dakika 20 kila baada ya wiki mbili, uende na maswali matatu yaliyoandikwa. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, soma kwa wiki nzima kabla ya kuandika, na nyaraka za wateja usizitume humo kabisa, hata ukiombwa na mkubwa. Tuma kwa baruapepe ya kazi kisha umwambie imeshaingia. Kwenye baruapepe, kabla ya kujibu wote hesabu majina. Anayehitaji kujua ni nani?

Kuhusu kufika kazini: ukikaa Kimara na kazi iko Posta, mwendokasi unakufaa siku za kawaida, lakini msimu wa masika, Machi hadi Mei, Jangwani hujaa maji na usafiri hukatika. Miezi hiyo toka nyumbani mapema zaidi, na uwe na njia ya pili unayoijua kweli, siyo ya kuulizia kituoni mvua inanyesha.

Kuna jambo zito tunalotaka dada zetu na kaka zetu walijue kabla halijatokea. Mkubwa akikutaka kimapenzi kama sharti la kuthibitishwa, kupandishwa au kupewa safari, huo ni uhalifu unaoitwa rushwa ya ngono, na umo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe. Andika tarehe, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, siku hiyohiyo, ukayahifadhi nje ya kompyuta ya kazi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113. Si kosa lako, na hukutakiwa "kuzoea mazingira".

Majaribio na tathmini

Kipindi cha majaribio huandikwa kwenye mkataba, kwa kawaida miezi mitatu au sita, na kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataka kisizidi miezi 12. Elewa kwa nini ile miezi sita ni muhimu: ulinzi wa kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi aliyefanya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Baada ya hapo, ukiachishwa na ukaona umeonewa, unazo siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakisubiri "wazee wayazungumze".

Usikae kimya hadi siku ya mwisho ya majaribio. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwombe msimamizi wako robo saa, umuulize mawili: nini niendelee kufanya, na nini kingekufanya usinithibitishe? Swali la pili ni gumu kulitamka, lakini jibu lake ndilo la thamani. Andika alichosema, umtumie. Rudia mwezi wa tatu. Tarehe ya majaribio ikipita na barua haijatoka, iombe kwa maandishi. Ukimya usiuhesabu kuwa kuthibitishwa.

Kila Ijumaa saa 10 jioni fungua daftari, andika mistari mitatu: nilichomaliza, namba yake, nani alikitumia. Kwa mfano: "Nimelinganisha ankara 212 za Mei na taarifa ya benki. Tofauti 7, zote zimepatikana. Imetumiwa na mhasibu mkuu kufunga mwezi." Mwaka ukiisha una mistari kama mia moja na hamsini. Siku ya tathmini wenzako watakuwa wanakumbuka Novemba na Desemba tu. Wewe una mwaka mzima. Na CV yako ijayo imeshajiandika. Daftari hilo libaki na kazi ulizofanya, siyo siri za wateja.

Kupanga miaka mitatu ya mbele

Usipange kwa cheo. Vyeo vinatofautiana mno. "Ofisa mwandamizi" wa kampuni moja ni karani wa nyingine. Fanya hivi: tafuta matangazo kumi ya nafasi ambayo ungependa uwe nayo baada ya miaka mitano, yachapishe, upige mstari chini ya kila sharti. Hesabu yanayojirudia. Sharti lililotokea kwenye matangazo saba kati ya kumi ndilo la kuanza nalo, na mara nyingi siyo shahada ya uzamili. Ni cheti cha bodi ya taaluma, mfumo fulani wa kompyuta, au uzoefu wa kusimamia bajeti.

Mhasibu bila CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, atafika mahali atagonga ukuta. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu, hufanyika Mei na Novemba, na ni rahisi zaidi kuikabili akili ingali na joto la chuo kuliko ukiwa na watoto wawili. Mhandisi ajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu mara tu anapopata cheti, aulizie mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kazini unaomwandaa kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Kila mwezi aliochelewa ni mwezi wa uzoefu usiohesabiwa. Watu wa ununuzi na ugavi wana bodi yao, PSPTB. Shahada ya uzamili ya jioni katika mwaka wa kwanza hatuishauri: unalipa ada kusomea eneo ambalo bado hujajua kama utalipenda, na unachoka kazini wakati ambao ndio wanakupima.

Miezi sita ya mwanzo jifunze kufanya kazi za wengine bila makosa. Hadi mwezi wa 18 uwe na kitu kimoja ambacho ofisi nzima inajua ni chako: ripoti fulani, mteja fulani, mfumo fulani. Ukiwa na kitu hicho ndipo ombi la nyongeza linapokuwa na mguu wa kusimamia. Wanaoruka kampuni tatu ndani ya miaka miwili kwa nyongeza ndogo ndogo hufika mwaka wa tatu wakiwa na CV ndefu, na hakuna kazi hata moja waliyoianza wakaimaliza. Usaili hulifukunyua hilo kwa swali la pili.

Ukiamua kuondoka, usiandike barua kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili. Notisi ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, isipokuwa mwezi wa kwanza ambapo ni siku 7. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Dai malipo ya siku za likizo ambazo hukuzitumia. Ingia kwenye taarifa yako ya NSSF uhakiki kwamba kila mwezi uliokatwa umeingia, maana mwezi ulioruka ni rahisi kuudai ukiwa bado una kitambulisho cha getini. Omba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kisheria kukupa. Na siku tano za mwisho ziandikie makabidhiano: kila kazi iliyo wazi, imefika wapi, faili liko wapi, nani wa kupigiwa. Yule kijana atakayekaa kwenye kiti chako Jumatatu naye atapewa kazi nusu. Muachie ile nusu nyingine.